Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mashine ya mshipi iundwe na mafundi wetu

Mheshimiwa Waziri,

Serikali inakopesha boti na injini, lakini mvuvi wa mshipi anayevuka mwamba kufuata changu na chewa kwenye kina cha mita 80 bado anavuta kwa vidole. Tunakuomba, kabla wizara haijaagiza kutoka nje mashine za umeme za kuvuta mshipi zilizokamilika, itenge fungu la kuunda ya kwetu, ambayo fundi wa Kilwa au Pangani ataweza kuifungua na kuitengeneza.

Iceland na Sweden zina mashine za aina hii, na ni nzuri. Tatizo ni kwamba ubongo wake, yaani saketi za kielektroniki zinazoiongoza, umefungwa ndani ya kasha. Ukifa hapa, mvuvi atarudi kwenye vidole huku akiendelea kulipa deni la mashine.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Dramu, yaani gurudumu linalozungushiwa mshipi, inaachia mshipi mpaka chubwi liguse chini, inapandisha mita moja au mbili, inachezesha ndoano, na uzito ukiongezeka inavuta. Mvuto wa kilo 15 kwa kasi ya sentimita 60 kwa sekunde ni kama wati 90. Ukiongeza kinachopotea kwenye gia, mota itakula wati 180, yaani ampea 15 kwa volti 12. Kuvuta mita 80 huchukua dakika mbili na ushee, sawa na nusu ya ampea-saa hivi (kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri). Mivuto 40, pamoja na saa sita za kuchezesha ndoano, inafika ampea-saa 34. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo inatakiwa ya ampea-saa 70. Paneli ya wati 100 itaijaza karibu yote kwa siku moja ya jua kali.

Panapoharibu ni matumbawe. Ndoano ikinasa, mota inasimama huku umeme unaendelea kuingia, na koili inaungua. Ndiyo maana hatukubaliani na njia ya mkato ya kufunga mota ya waipa ya gari. Inafaa kuonyeshea watu darasani, lakini gia yake ya nailoni humeguka, na tundu lake la kupumulia hunywa maji ya chumvi. Tena gia ya aina hiyo hairudi nyuma kwa kuvutwa, kwa hiyo bila klachi ya kuachia dramu, chubwi halishuki kwa uzito wake. Tunataka klachi ya msuguano inayoteleza kwenye kilo 25 kama mshipi unahimili kilo 60, fyuzi ya ampea 30, na chubwi lililofungwa kwa uzi dhaifu ili likinasa likatike lenyewe, ndoano zipone.

Adui wa pili ni chumvi. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikikaza fremu ya alumini bila washa za nailoni, alumini inaliwa kuzunguka kila tundu. Waya wa shaba isiyopakwa kitu huwa mweusi kwa ndani hata kama ganda lake ni zima. Utumike uliopakwa bati, wa milimita za mraba 6, maana mwembamba unapoteza volti njiani. Swichi za kawaida zisiwepo kabisa karibu na dramu. Mizunguko ihesabiwe kwa sumaku na kihisi kilichozamishwa ndani ya rezini.

Kuna jambo ambalo wabunifu wa ofisini hulisahau: wakati wa kusi boti ndogo hupanda na kushuka, na mashine hudhani kila wimbi ni samaki. Roda, yaani kapi linalopitisha mshipi, itundikwe kwa mpira unaonyumbuka, na programu ipime wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuamua kuvuta.

Hatua ya kwanza haihitaji hata umeme. Samoa ya Magharibi (sasa Samoa), kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitengeneza dramu ya mbao ya kuzungushwa kwa mkono kwa ajili ya samaki wa kina kirefu, nayo ikaenea visiwa vingi vya Pasifiki. FETA Mbegani, chuo cha uvuvi, na vyuo vya ufundi vya VETA vianze na fremu kama hiyo, vikiiachia nafasi ya kupokea mota baadaye. Mashine kumi za majaribio zifanye kazi msimu wa kaskazi na wa kusi mikononi mwa wavuvi wenyewe, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ipime samaki wanaopatikana, na michoro yote iwe huru kwa karakana yoyote.

Mheshimiwa, mashine hii inaweza pia kumaliza chewa pale wanapokusanyika kutaga. Iceland, katika uvuvi wake wa pwani ulioanza 2009, hairuhusu zaidi ya mashine nne kwa boti. Kwetu ziwe mbili, leseni iandike idadi na ukubwa wa ndoano, na maeneo ya mazalia yanayojulikana na BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za pwani) yasiruhusiwe kuvuliwa kwa mashine, na hilo liwe kabla ya mashine ya kwanza kuuzwa. Kanuni hiyo iandaliwe sambamba na majaribio, wala isisubiri yaishe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi na wavuvi wa mshipi, Pwani ya Tanzania