Shukrani kwa mwanasaikolojia aliyemshika mkono binti yetu

Kwa niaba ya familia yetu hapa Kapchorwa, Uganda, napenda kumshukuru hadharani mwanasaikolojia wa michezo ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Binti yetu, mkimbiaji wa mita 5,000, alipoumia goti alipoteza usingizi na hamu ya chakula, na majirani wengi walishauri akazwe zaidi mazoezini.

Wewe, ndugu yetu, ulianza kwa kumsikiliza. Kisha ulimfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, ili mapigo ya moyo yatulie. Kuipitia mbio yote akilini, kona kwa kona, akiwa amefumba macho. Na kujiwekea lengo lililo mikononi mwake, kama vile kulinda hatua zake katika mzunguko wa nane, badala ya kuwaza nafasi atakayoshika. Neno "legeza", analoliandika kwa kalamu mgongoni mwa kiganja, hulisoma kabla ya kila mbio.

Ulimkumbusha pia habari za mkimbiaji wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei, aliyeishiwa nguvu Kololo, jijini Kampala, mwaka 2017 akiongoza mbio za nyika za dunia, akamaliza wa 30, kisha akatwaa taji hilo mwaka 2019 nchini Denmark. Habari hiyo eneo letu zima la Sebei linaijua (nani asiyeijua?), lakini ni wewe uliyeitumia kumfariji mtoto.

Ahsante pia kwa kumwelekeza kwa daktari ulipoona huzuni imevuka mipaka ya kazi yako. Sasa analala, anakula, na hurudi kutoka mazoezini akicheka, hata siku ambazo muda wake haukumfurahisha kocha.