Manka, zile bia mbili za Ijumaa

Mwanangu Manka,

Marahaba. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza jogoo alikuwa anawika dirishani. Nimesikia umetupa dawa yako ya kwapa na sidiria zote za waya kwa sababu ya ujumbe uliozunguka kwenye simu za ofisini kwenu, kwamba vitu hivyo vinaleta saratani ya matiti. Halafu mwishoni, nyuma yako, nikamsikia mhudumu akiuliza, "Dada, nikuongezee bia nyingine?"

Nilicheka. Usiku sikulala.

Dawa ya kwapa rudi ukanunue, mama. Hakuna uthibitisho kwamba inaleta saratani ya matiti, wala sidiria hazina kosa. Kilichothibitishwa kilikuwa mezani mbele yako. Wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka pombe kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na mwaka 2007 wakalitaja titi nalo. Mwili ukiivunja pombe hutoa sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Tena pombe hupandisha homoni ya estrojeni, na saratani nyingi za titi hukua kwa kuitegemea homoni hiyo. Hata chupa moja kwa siku inaongeza hatari, kidogo lakini inaongeza, na ukizidisha nayo inazidi. Usiniambie habari ya waini kuwa ya kistaarabu. Konyagi, waini, bia, mbege: kinachodhuru ni kilevi chenyewe, hakijali chombo.

Najua utakachojibu. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye pipa langu la mbege, na mimi ndiye niliyekuwa nasaga ulezi na kuonja kata ya kwanza kabla ya wateja. Kweli kabisa. Nilipokuzaa waliniambia mbege huongeza maziwa, nikanywa pamoja na mtori. Sikuwa najua. Wewe sasa unajua, ndiyo maana nakuandikia.

Lakini kunyonyesha, nilinyonyesha vizuri. Wewe uliacha ukiwa na miaka miwili, na ulilia wiki nzima. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya mama kwa asilimia 4 na kidogo. Ukijaliwa mtoto, usikubali kazi ikuharakishe kumwachisha. Sisemi uzae kwa ajili hiyo, usinielewe vibaya. Mambo hayo ni yako na Mungu wako.

Jingine ni hicho kiti cha ofisini unachokalia kutwa. Mimi kuteremka bondeni kukata majani ya ng'ombe na kupanda na mzigo kichwani kulinitosha, sikuhitaji mazoezi ya mtu. Wewe unapanda bodaboda kutoka getini hadi kituoni! Wanasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme, yaani nusu saa siku tano. Shuka kituo kimoja kabla. Na uzito uuangalie mapema, kwa sababu hedhi ikishakoma, mafuta ya mwilini ndiyo yanageuka kuwa kiwanda cha estrojeni. Chipsi na soda za kila mchana unazijua mwenyewe, siziongezei neno.

Sasa nikwambie la mama yako mdogo, maana hatujawahi kulizungumza sawasawa. Hakuwahi kuonja pombe. Mwimbaji wa kwaya, mwembamba, watoto wanne wote kawanyonyesha. Na bado saratani ya titi ilimpata. Karibu nusu ya wanawake wanaougua hawana sababu yoyote ya kuonyesha kidole, zaidi ya kuwa wanawake na kupita miaka 40. Kwa hiyo haya yote yanapunguza hatari, hayaifuti. Kilichomwondoa mama mdogo ni mwaka mzima wa kuficha. Uvimbe ulikuwa hauumi, akasema ni kitu cha kupita. Alipopelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi, ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Nilikuwa namwogesha mimi. Ngozi ya titi ilikuwa kama ganda la chungwa na chuchu imevutwa ndani, na kumbe alikuwa akiyaona hayo kila siku kwenye kioo.

Yajue matiti yako. Ukikuta uvimbe, hata usiouma, au chuchu inatoa damu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usinipigie kwanza kuniuliza mimi.

Krismasi ukija, wajomba zako watakuletea kata kama kawaida. Nimeshawaambia. Mkubwa amenuna, anasema nimekuwa mzungu uzeeni. Lile pipa nimeliweka chini ya bati, linakinga maji ya ng'ombe.

Uje na ile dawa ya kwapa, na mimi uniletee moja.

Mama yako