Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali yetu: dawati la ushauri limebeba makatoni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia baada ya kungoja tangu mwaka jana, na lau si yaliyotokea Jumanne iliyopita huenda ningengoja zaidi. Binti wa miaka 29, tuliyeketi naye tukitundikiwa dripu ya dawa za saratani, alimuuliza muuguzi mbona amekosa hedhi miezi miwili, akajibiwa kwamba ni kawaida. Baadaye alininong'oneza kuwa amenunua kipimo cha mimba mara mbili.

Mimi nilianza tibakemikali nikiwa na miaka 38. Nilielezwa habari za nywele na kutapika, nikashukuru. Hakuna aliyeniambia kwamba siklofosfamidi, mojawapo ya dawa zangu, huharibu pia vijimayai vilivyomo katika ovari, homoni ya kike ya estrojeni ikashuka, hedhi ikakatika na jasho la ghafla likaja, nayo tezi iliyo chini ya ubongo ikazidi kumwaga homoni ya kuziamsha ovari zisizoitika. Hayo niliyapata kwa daktari wa kando, niliyemlipa kwa pesa za karo. Mwezi wa Julai, abiria wakiwa wamejikunyata ndani ya majaketi, mimi nilikuwa nimelowa jasho katika matatu ya Jogoo Road, nikiomba dirisha lifunguliwe. Bwana mmoja akaniuliza kama nimelewa. Usiku sikulala, nikiamini saratani imefika kichwani.

Kwa baadhi yetu, hasa wenye umri mdogo, hedhi hurudi. Tena kuikosa si hakikisho kwamba mtu hawezi kushika mimba, jambo ambalo binti yule alistahili kulijua mapema. Ipo pia sindano ya goserelini, inayoanzishwa kabla ya dozi ya kwanza ili kuzituliza ovari. Huenda isingenifaa, lakini sikupewa hata nafasi ya kuikataa.

Nashuku mnahofia kwamba tukiambiwa tutaikimbia tiba, au labda foleni ndiyo inayowafunga midomo. Hata hivyo, ulipokutana nasi wagonjwa uliahidi dawati la ushauri. Dawati lilikuja, nakiri. Limebeba makatoni ya glavu, na kiti chake anakikalia mlinzi.

Nilikuwa nimeorodhesha maombi mengi: vipimo vya homoni, upimaji wa mifupa, daktari wa homoni. Nimeyafuta. Naomba moja tu: kila mwanamke, kabla ya dripu ya kwanza, aketishwe na kuelezwa kwa Kiswahili dawa hii itazifanya nini ovari zake. Binti yule anarudi Jumanne baada ya wiki mbili. Tafadhali, makatoni yawe yameondolewa.

Wako,
Mgonjwa wa kliniki ya Jumanne, Nairobi