Mawese, udongo mwekundu na shombo la dagaa: uzungushe swichi wapi?

Shati limedondokewa mawese, likatiwa kwenye mashine ya kufulia na kufuliwa dakika 15 kwa maji baridi. Linatoka linanukia sabuni, na doa la rangi ya chungwa lipo palepale. Mashine haijaharibika. Imefanya ulichoiagiza.

Programu ya haraka, ile iliyoandikwa Quick, ni ya nguo chache, kilo 1 au 2, zenye jasho la siku moja. Wengi huipenda kwa sababu ya LUKU na muda, wakaifanya ya kila nguo. Uangalie uchafu kwanza, kisha kitambaa, ndipo uzungushe swichi.

Mawese ndiyo yanayosumbua zaidi hapa Kigoma. Huyeyuka vizuri yakifika karibu nyuzijoto 35, na maji ya bomba mara nyingi yako chini ya hapo, kwa hiyo mafuta hubaki yameshikamana na kitambaa hata sabuni iwe nyingi kiasi gani. Kwangua yaliyoganda kwa kijiko. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, sugua kwa vidole, acha dakika 20. Sabuni ya kipande nayo inafaa (na nyingi za hapa zimetengenezwa kwa mawese yenyewe!). Halafu weka Cotton, programu ya pamba, nyuzijoto 60 kwa pamba nyeupe, 40 kwa nguo za rangi. Ikitoka, itazame ikiwa bado mbichi. Ukishika ukahisi utelezi, mafuta yamebaki, rudia. Kama utelezi umekwisha na kimebaki kivuli cha chungwa tu, hiyo ni rangi ya mawese, na jua huififisha: anika doa likitazama juu. Usipige pasi kabla halijatoka.

Mashine yako haina hita, kama zile zenye matanki mawili? Loweka kwenye beseni: lita 1 ya maji yaliyochemka kwa lita 3 za bomba hukupa karibu nyuzijoto 40. Usimimine maji yanayochemka moja kwa moja kwenye tanki la plastiki.

Udongo mwekundu unataka kinyume chake. Usikimbilie kusugua matope mabichi, maana unayasukuma ndani. Acha yakauke, kung'uta nje, suuza kwa maji baridi hadi yasitoke mekundu, kisha washa programu yenye kufua kwa awali, Prewash, ukitia sabuni kidogo kwenye chumba cha I cha droo ya sabuni na iliyobaki kwenye II. Ongeza suuza moja. Jiki haisaidii hapa: wekundu ule ni wa chuma, klorini haiuondoi, na huweza kuufanya ushike zaidi.

Nguo za mwaloni (pale samaki wanaposhushwa) na za kuanikia dagaa zina damu, ute na mafuta ya samaki kwa pamoja. Maji ya moto yakitangulia, damu inaiva na kung'ang'ania. Suuza kwanza kwa baridi, kisha fua kwa 40 au 60 kadiri kitambaa kinavyoruhusu. Shombo likibaki, nusu kikombe cha siki kwenye suuza ya mwisho hulipunguza. Siki na jiki visikutane kamwe, vinatoa hewa ya sumu.

Kuhusu LUKU: kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 60 hula takriban uniti 0.6, na hadi 40 hula chini ya 0.3. Kufua mara tatu kwa baridi, na kila mara kutupa maji na sabuni, si kubana matumizi.

Kosa jingine ni kujaza. Kilo 7 iliyoandikwa kwenye mashine ni ya nguo kavu za pamba, kwa programu ya Cotton. Kwa Synthetics, programu ya nguo za nailoni na poliesta, weka kama nusu. Kiganja chako kiweze kupita juu ya nguo ndani ya dramu. Blanketi moja peke yake nalo ni tatizo, linalundikana upande mmoja, mashine inatikisika au inakataa kukamua. Na sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi mno. Povu linakuwa kama mto, nguo hazigongani, na uchafu unabaki. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya mashine.

Vitenge vipya vifue peke yake, baridi, ndani nje, ukamuaji usizidi mizunguko 800 kwa dakika. Taulo zinavumilia 1200.

Mashine ikichukua muda mrefu kujaza maji, kabla ya kuita fundi, funga bomba, fungua mpira wa maji nyuma, safisha kichujio kidogo kilichoko pale. Mchanga hupenda kukaa hapo. Pima na kimo cha tanki la maji la juu pia: kila mita 1 ya kimo hutoa msukumo wa maji wa baa 0.1 tu, na mashine nyingi hutaka 0.3 hadi 0.5, yaani mita 3 hadi 5 juu ya mashine.

Doa likikushinda, lipeleke kwa dobi bila kulipiga pasi, na umwambie ni la nini na umeshalipaka nini, hasa kama ni jiki.