Kitalu si daraja la pili

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kosa linalojirudia kila Hershey Bears, timu ya magongo ya barafuni ya Marekani, wanapotajwa: kuwaita timu ya daraja la pili, kana kwamba wakishinda watapanda. Hawapandi. Katika magongo ya barafuni ya Marekani anayepanda ni mchezaji. Timu inabaki palepale. Wenyewe huiita shamba, ila neno letu linalofaa zaidi ni kitalu, kwani mche hulelewa humo ili ukapandwe kwingine.

Bears wametoka Hershey, mji wa mtengenezaji chokoleti Milton Hershey, jimboni Pennsylvania. Walianza 1932 wakiitwa B'ars, jina la vipande vya chokoleti, likaachwa 1936 kwa kuonekana tangazo la biashara. Mwaka 1938 wakaingia ligi ya vitalu inayoitwa AHL leo na hawajatoka tena.

Timu ni mali ya kampuni ya burudani ya hapo Hershey, lakini wachezaji wengi wana mkataba na timu mama ya NHL, ligi kuu ya mchezo huu. Timu mama hubadilika: Washington Capitals 1977, Philadelphia Flyers 1984, Colorado Avalanche 1996, kisha Capitals tena 2005. Chini ya kila mmoja wao Hershey walitwaa Kombe la Calder, la ubingwa wa AHL, na kufikia 2024 walikuwa na makombe hayo 13. Mwaka 1988 walishinda mechi zote 12 za mtoano, jambo ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote.

Ugumu wa kitalu uko katikati ya msimu. Kipa wa Capitals akiumia, kipa namba moja wa Hershey huitwa Washington, wa pili anasimama langoni, na pengo lake huzibwa na kipa kutoka South Carolina Stingrays, ngazi moja chini. Hata kocha huchukuliwa: Bruce Boudreau aliwapa kombe 2006, na Novemba 2007 akapelekwa kuwanoa Capitals.

Kuteremsha mchezaji nako kuna mtego. Mkongwe lazima kwanza atangazwe kwa klabu nyingine za NHL kwa saa 24, na yeyote anaweza kumchukua. Kijana ambaye bado hajafikia kiwango cha miaka na mechi hana sharti hilo, ndiyo maana vijana ndio wanaopanda na kushuka kila wiki, hata wakicheza vizuri kuliko mkongwe aliyebakizwa juu.

Wala kitalu hakiwezi kujaza wakongwe ili kishinde. Kati ya wachezaji 18 wa ndani, makipa hawahesabiwi, 13 lazima wawe wanaokuzwa: 12 wasiozidi mechi 260 za kulipwa, na mmoja asiyezidi 320.

Kwa hiyo mwandishi akiona Hershey wamepoteza mechi tatu mfululizo, kabla ya kuandika kwamba wameporomoka, atazame nani aliitwa Washington wiki hiyo.

Mfuatiliaji wa magongo ya barafuni