Swahiba, hiyo oda usiilipie

Kigamboni, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku hatujambo, mama watoto anakusalimu na anauliza lini mtashuka Dar. Ujumbe wako niliupata, ila sikutaka kukujibu kwa mistari miwili ya simu. Unasema kuna kontena jingine la seli za lithiamu, vile vipande vinavyoungwa kuwa betri, linakuja, duka lile linakusanya hela za oda ya pamoja, na unataka uingie ili mashine yako ya kutotolesha vifaranga isizimike tena umeme ukikatika. Nakuomba usilipe. Mimi pale nimeshatoka, dukani na kwenye lile kundi la mtandaoni la betri pia.

Wewe unajua nilivyolipenda lile kundi. Mgao wa umeme ulipotubana mwishoni mwa 2023, watu wengi mtaani walikuwa wanauziwa betri za asidi ambazo hazimalizi hata miaka miwili, na hakuna wa kuwaeleza kwa nini zinakufa. Kundi ndilo lililonifungua macho: kwamba seli moja ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ni volti 3.2, ukiunga nne kwa mfululizo unapata 12.8, usiijaze kupita 3.65, na usifunge seli pamoja kabla ya kuzisawazisha, yaani kuzifikisha volti moja. Kuna usiku tulikesha tukimzungumzia mwanasayansi mzee John Goodenough, aliyepewa Nobeli mwaka 2019 akiwa na miaka 97, maana ni maabara yake kule Texas iliyoileta kemia hii miaka ya 1990. Walikuwepo mafundi wa Mwanza, walimu wa fizikia, baharia mstaafu wa Tanga, na hakuna aliyemtoza mwenzake senti kwa swali. Ukikwama kwenye waya saa tano za usiku, unatuma picha, unajibiwa. Hao niliwaamini kuliko duka. Duka lenyewe nililiamini kwa sababu wao waliliamini.

Nikaagiza seli nne za Ah 280 (ampia-saa, kipimo cha ujazo wa umeme), zikiwa zimetangazwa kuwa mpya, gredi A, yaani daraja la juu. Zilifika zimefungwa vizuri, plastiki ya bluu inang'aa. Nilipoziweka mezani chini ya taa nikaona alama ya QR, ile inayochongwa kwa leza, ina kivuli. Ukiinamisha seli kidogo, chini ya alama unaona nyingine iliyokwanguliwa, halafu mpya ikachongwa juu yake. Kwenye vichwa vya chanya na hasi kulikuwa na mikwaruzo ya msasa, ya duara, pale ambapo bamba la kuunganishia lilikuwa limechomelewa kisha likang'olewa. Alama ile ndiyo inayobeba tarehe seli ilipotengenezwa. Mtu haikwangui kwa bahati mbaya, na seli inayotoka kiwandani moja kwa moja haina sababu ya kuwa na kovu la kuchomelewa.

Nikazipima moja moja. Najaza hadi 3.65, naiacha itulie, natoa umeme kwa ampia 40 mpaka ifike volti 2.5. Seli nzima ya Ah 280 ingekwenda kwa muda wa saa saba. Ya kwanza ilikata baada ya saa tano na dakika chache, mita ikasoma 204. Zilizofuata zikasoma 238, 231 na 226. Kwenye magari ya umeme, seli ikishuka chini ya asilimia 80 ya ujazo wake, ambayo kwa hii ni 224, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi yake ya kwanza imekwisha. Na zikishafungwa kwa mfululizo, ile dhaifu ndiyo inayozizimisha zote. Chukua mashine yako, tuseme inakula wati 150. Seli nne nzima zingekusukuma kama saa 20 baada ya kutoa kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Hizi zingekupa kama 15, na mwakani pungufu. Mayai yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21. Yakipoa usiku kucha yakiwa ya siku ya kumi na nane, hasara yake unaijua kuliko mimi.

Duka lilinijibu kwa adabu mwanzoni. Wakataka video, nikatuma. Wakasema mashine yangu ya kupimia ni ya bei rahisi. Nikaazima nyingine, majibu yakatofautiana kidogo sana, nikatuma na hayo. Mwishowe wakanipigia simu: watanirudishia hela ya seli moja, ile ya 204, mradi nisiweke vipimo vyangu kwenye kundi. Nilikataa papo hapo. Kwangu mimi, muuzaji anayejua kosa lake akataka kununua ukimya wako ameshakuambia kila kitu kuhusu seli zake nyingine.

Lakini swahiba, duka halikuniumiza sana. Biashara mbaya zipo, unajifunza, unahama. Kilichoniumiza ni kundi.

Niliweka picha za ile alama yenye kivuli, na vipimo vyote vinne, na namna nilivyopima. Sikumtukana mtu. Ndani ya muda mfupi maadmini, wasimamizi wa kundi, wakafuta. Nikaweka tena, wakaandika kuwa natumwa na washindani wa Kariakoo. Watu niliokesha nao tukichora michoro ya waya wakaanza kuniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Yule aliyenifundisha kupima, aliyetuimbia kila wiki kwamba usiamini lebo, amini mita, aliniandikia kwamba safari hii nilitakiwa niamini lebo kwa sababu "muuzaji ni wetu". Nilisoma ule ujumbe mara nyingi. Sikuamini ni yeye.

Nimewaza sana kwa nini watu wenye akili zao wafanye hivyo, na nadhani jibu liko kwenye hiyo oda ya pamoja yenyewe. Hela inalipwa yote kabla. Kontena linatoka China, linakaa baharini na bandarini, na muda wote huo mkononi huna kitu zaidi ya picha ya risiti. Mtu aliyeweka akiba yake huko hataki kusikia kuwa seli ni chakavu. Kila anayelalamika anamtishia yeye, si duka. Na mwenye seli zilizokwisha kuharibika anasubiri kubadilishiwa, kwa hiyo naye ananyamaza asije akaudhi wenye duka. Baada ya kufutwa nilipata ujumbe wa siri kutoka kwa watu ambao vipimo vyao ni kama vyangu, mmoja mbaya zaidi. Nikawaomba waseme hadharani. Hakuna aliyekubali. Mmoja akaniambia wazi: "Kaka, nikisema, mzigo wangu hautoki." Kwa hiyo ukisoma kundi unaona sifa tupu, na mgeni kama wewe anaingia akidhani zile sifa ni ushahidi.

Halafu nikaja kujua, na aliyeniambia ni mmoja wao kwa mdomo wake, kwamba maadmini wanapata seli zao kwa bei ya kontena na kamisheni kwa kila oda. Aliona ni jambo la kawaida, akasema kila biashara ina mawakala. Kweli, uwakala si dhambi. Fundi akisema "nauza hii, napata kiasi fulani," namheshimu na ninaweza kununua kwake. Hawa walikuwa wanatushauri kama ndugu. Tuliwauliza kama ndugu. Ushauri wa nyaya, wa fyuzi, hata wa moto usije kuunguza nyumba, tuliuchukua bila kuuliza nani analipwa, na sasa sijui upi ulikuwa ushauri na upi ulikuwa mauzo. Inanibidi nirudie kupima hata mambo ambayo nadhani waliniambia kweli. Hilo ndilo sijaweza kuwasamehe.

Nimeandika malalamiko kwa Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nimeambatanisha picha, vipimo na risiti. Hata wasiponirudishia kitu, nataka pawepo karatasi inayosema jambo hili lilitokea.

Sasa kuhusu mashine yako. Usikae bila betri kwa ajili ya hasira zangu, masika yanakuja na umeme wenu huko naujua. Nenda kwa mtu mwenye duka la mlango, anayekubali ufungue boksi mbele yake. Angalia alama ya QR kwa kuinamisha seli kwenye mwanga, pitisha kidole kwenye vichwa usikie kama pamepigwa msasa, kisha mwambie utazipima na akuandikie kwenye risiti ujazo alioutangaza. Akikataa kuandika, ondoka. Kwa kuanzia hata mbili zilizo nzima zinatosha kuifikisha mashine asubuhi, mradi tupate inveta ya volti 6 au kigeuzi cha kupandisha volti. Hilo niachie mimi nilitafute kwanza, usinunue chochote mpaka nikuambie.

Mashine yangu ya kupimia nitakutumia kwa basi Ijumaa, pamoja na nyaya zake nene, usitumie nyembamba zitapata moto. Kaa nayo mpaka umalize. Nitumie namba ya mtu atakayeipokea stendi, na uniambie mashine ya vifaranga inakula wati ngapi hasa, isome kwenye kibandiko cha nyuma kisha uipime.

Msalimie shemeji sana.

Ni mimi, swahiba wako wa Kigamboni