Shemeji ana kamera, na sisi tumekodi mpiga picha

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kihesa, hapa Iringa. Mdogo wangu wa kiume anaoa mwezi wa saba na mimi ndiye katibu wa kamati ya harusi. Michango inakwenda vizuri, ukumbi tumeshalipia, mpishi yupo. Kinachoninyima usingizi ni suala la picha. Kikaoni mzee mmoja alisema picha ni picha tu, tuendelee na ajenda ya vinywaji. Mimi sikubaliani naye, ndiyo maana nakuomba unisikilize.

Wakwe zetu ni watu wa Tukuyu. Mpiga picha tuliyemkodi anatoka Mbeya, na mwenzake ndiye anayechukua video. Atapiga sendofu kule kwao kisha harusi huku kwetu, ili maharusi wapate albamu moja, na gharama zake kamati mbili zimechangia. Kabla hatujasaini mkataba alitufungulia kompyuta akatuonyesha kazi zake, nzuri na zilizoharibika. Zilizoharibika ndizo zilizonigusa. Kuna moja ya bibi harusi akiingia kanisani ameshikwa mkono na baba yake. Baba analia. Lakini kutoka kwenye mabenchi ya pande zote mbili mikono imetokeza na simu, na mtu mmoja ameinua tableti imeziba uso wa mama mzazi kabisa. Ile hatua haiwezi kurudiwa. Huwezi kumwambia baba arudi mlangoni akalie tena.

Akatueleza na mambo ambayo sikuwa nayajua. Kamera yake anaipanga kulingana na mwanga wake mwenyewe, kwa hiyo flashi ya mgeni ikilipuka wakati uleule, uso wa bibi harusi unakuwa mweupe kupita kiasi na nakshi za shela zinapotea. Kwenye video ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kamera nyingi za siku hizi zinasoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Flashi ni ya haraka mno, inawahi sehemu tu ya mistari hiyo, basi nusu ya picha inatoka nyeupe na nusu iko kama kawaida. Na picha za familia unazijua, Shangazi. Ukoo umepangwa kwenye ngazi za kanisa, mbele yao wamesimama watu na simu zao, kila mmoja anaita "huku, huku!" Baba mkubwa anatazama kushoto, mama mdogo kulia, watoto wanatazama chini. Anayelipwa anapata picha ya watu wasiotazama popote.

Halafu kuna suala la muda. Maharusi wanataka picha za Gangilonga, juu ya mwamba, mji wote ukionekana chini. Mwezi wa saba hapa kwetu jua linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na mpiga picha anasema mwanga anaoutaka ni wa ile saa ya mwisho. Ibada inaanza saa nane mchana. Ikitoka saa kumi, na kila mgeni akataka selfi na maharusi pale mlangoni, mwanga utawakuta bado wako kanisani. Jua likishazama, juu ya ule mwamba kuna baridi na upepo ambao bibi harusi mwenye gauni la mikono mifupi hauwezi.

Kwa hiyo maharusi wameomba jambo moja: tangu bibi harusi anapoingia kanisani mpaka wanapotoka, simu zikae mifukoni. Nje ya kanisa na ukumbini kila mtu awe huru. Mchungaji amekubali kutangaza. Mimi naliunga mkono ombi hilo kwa moyo wote, lakini naona ugumu wake, na ndiyo sababu ya barua hii.

Harusi zetu hazina mgeni wa kuja kula tu. Mtu amepokea kadi ya mchango tangu mwezi wa pili, ametoa kidogo kidogo, amekaa vikaoni jioni za baridi. Anaiona harusi ni yake, na ni yake kweli. Wakwe watakodi Coaster, waondoke Tukuyu usiku, wapite Mbeya, Makambako, Mafinga, zaidi ya kilomita 300 barabarani. Wakifika tu, upande wa bwana harusi uwaambie wafiche simu? Bibi yake bibi harusi miguu haimruhusu kusafiri, na wajukuu wameshamwahidi kwamba ataona kila kitu kwenye simu. Picha za kulipia zinachukua wiki kadhaa kutoka. Za wageni zinafika kwa bibi jioni ileile.

Tena picha za wageni zina thamani yake. Ninayoipenda kuliko zote katika harusi yangu mwenyewe ilipigwa na mama mdogo kwa simu, nyuma ya nyumba, mama yangu akiwa na wenzake kwenye masufuria, wanacheka na moshi umewazunguka. Mpiga picha wetu wakati huo alikuwa saluni na bibi harusi. Kwa hiyo sitaki kabisa harusi ambayo watu wanaogopa kutoa simu.

Ila kuna mambo yamezidi. Mwaka jana, kwenye harusi moja ya ukoo, gauni la bibi harusi lilikuwa kwenye stetasi za watu kabla yeye mwenyewe hajashuka kwenye gari. Bwana harusi alilionea kwenye simu ya msimamizi wake, akiwa amesimama altareni anamsubiri. Akina mama walipigwa picha wakiwa na tonge mdomoni zikazunguka kwenye magrupu. Mama mmoja wa heshima mpaka leo haji kwenye shughuli akijua kuna watu wale. Binamu yetu mwanasheria alitukumbusha kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nilimshukuru, lakini harusini sitaki kumtajia mgeni sheria. Nataka astahiwe, na yeye awastahi wenzake.

Sasa nifike kwa shemeji, maana yeye ndiye mzigo mkubwa.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Baba alipougua ni yeye aliyemlaza, akamlipia, akalala naye hospitali. Mchango wake kwenye harusi hii unazidi wa mtu yeyote katika familia. Anapenda picha, amejifunza mwenyewe, na kamera yake ni kubwa kama za wenye kazi. Ameshatangaza kwamba zawadi yake kwa maharusi ni albamu atakayoitengeneza yeye, na kwa ajili hiyo amenunua lenzi mpya. Moyo wake ni mweupe, hilo nalijua.

Tatizo ni namna anavyopiga. Harusi ya binamu yetu alisimama nyuma ya mchungaji wakati wa pete. Ukitazama albamu ya ile harusi, katika picha ya kuvishana pete unaona bega la shemeji na nusu ya uso wa bibi harusi. Wakati wa keki aliingia katikati, na wenye simu walipomwona amesogea nao wakasogea, wazazi waliokaa meza kuu wakabaki kutazama migongo. Watu wanamfuata kwa sababu ni mtu mzima anayeheshimiwa. Nikiwaambia vijana wakae na yeye amesimama, nani atanisikiliza?

Na mkataba una kipengele. Wakati wa ibada, kukata keki na picha za familia, hakuna mwenye kamera nyingine atakayesimama mbele ya mpiga picha. Ikitokea, yeye hatabeba lawama kwa picha zilizoharibika. Nimeusoma mara nyingi nikaona ni haki. Hata wale wapiga picha wanaokuja wenyewe ukumbini, wanaowapiga wageni na kuwauzia picha mlangoni, tumekubaliana nao wabaki mlangoni. Wao wameelewa bila ugomvi. Shemeji hawezi kuambiwa kama wanavyoambiwa wao.

Mama anasema tumwache, picha zisivunje undugu. Bwana harusi anataka kumwambia mwenyewe, ila ni kijana mwenye maneno makavu, namwogopea. Dada amesikia tetesi akaniambia, "Mkimzuia mume wangu, na mimi nitakaa benchi la nyuma na wageni." Hilo liliniuma sana, kwa sababu dada ndiye aliyetulea sisi wadogo.

Wazo langu ni hili. Mpiga picha anasema hawezi kuwa mahali pawili, na angefurahi kupata mtu anayejua kamera wa kushika upande mwingine: Ijumaa jioni wakati wa maandalizi nyumbani, wakwe wanaposhuka kwenye Coaster, wazee wakisalimiana, mezani ukumbini, watu wakicheza kwenda kutoa zawadi. Yuko tayari hata kuziweka baadhi ya picha za shemeji kwenye albamu kuu. Nililipenda wazo hilo. Mama alipolisikia akasema hiyo ni kumtuma mtu mzima jikoni. Kwa bibi wa Tukuyu, nafikiria tuweke simu moja tu kwenye kistendi pembeni, kijana mmoja wa upande wao aisimamie, irushe ibada moja kwa moja. Hivyo wakwe wataona hatukuwafungia mlango.

Naomba ushauri wako. Kumpa shemeji kazi ile ni kumheshimu, au ni kumsogeza pembeni na ataihisi? Nani apeleke ujumbe? Baba angeweza, lakini neno la baba mkwe huwa ni amri, na mimi sitaki alipokee kama amri. Kuna mjomba wetu wanayeelewana, wanalima pamoja huko Kilolo, nafikiri yeye angeanza mazungumzo, mimi nikafuata na mkataba mkononi ili asidhani ni maneno ya kumchongea. Au ni vizuri mpiga picha mwenyewe aombe kukutana naye, waongee kama watu wa fani moja?

Na kuhusu wageni wengine, tangazo la mchungaji linatosha? Au tuandike mstari kwenye kadi ya mwaliko? Wengine kwenye kamati wanasema mstari wa namna hiyo kwenye kadi utaonekana majivuno, hasa kwa wakwe, afadhali mwenyekiti wa upande wao awaambie wenyewe ndani ya gari kabla hawajashuka. Mimi naona kadi inamwandaa mtu mapema, asiaibishwe mbele za watu.

Kadi zinakwenda kwa mchapaji baada ya kikao cha Jumapili ijayo, na mjomba anashuka mjini siku hiyohiyo. Nikipata jibu lako kabla ya hapo nitashukuru sana.

Katibu wa kamati,
Kihesa, Iringa